Sikio Kwenye Kioo

Tarehe 6 Februari

Kwako mwanangu Chiriku,

Salamu zangu nikizipima kwa futi ya kushonea hazifiki mwisho, kwa hiyo pokea tu zote. Hujambo? Sisi huku hatujambo. Shangazi yako hajambo, magoti ndiyo yanamsumbua, mdomo haujambo kabisa. Babu yako hajambo, ameuliza kama bado unaongea usingizini. Dada yako mkubwa hajambo na mapacha wake, mmoja ameota jino, mwenzake analingojea la kwake kwa hasira. Fundi saa wa mlango wa pili hajambo, anasema saa uliyomwachia inatembea vizuri, anaijaza ufunguo kila Jumatatu isikusahau. Paka naye hajambo, amezaa ndani ya kapu langu la vipande vya vitambaa. Wote wamesema niwataje mmoja mmoja, na ole wangu nikimruka mtu.

Baada ya salamu, mzigo wako umefika. Dereva aliyeuleta alisema, "Mama, pokea sinia lako," na shangazi yako akalidaka hilo jina hapo hapo, sasa nyumba nzima ni sinia, sinia. Fundi saa ndiye aliyesoma boksi. Akasema hiki ni kishikwambi, ni kompyuta ya kushika mkononi, haikutengenezwa iwe simu, ila ukitia laini inapiga kama simu. Nikamwambia basi kwangu ni simu. Mwanangu amesema niitumie kama simu.

Ile simu yangu ndogo nimeitia kwenye droo ya vifungo. Namba zake zilikuwa zimekonda mno. Mwezi uliopita nilidhani nimempigia dada yako, kumbe nimempata mzee mmoja nisiyemjua, tukasalimiana vizuri sana mpaka akaniuliza, "Mapacha gani hao?" Usidhani ni macho. Macho hayajambo. Kwenye hiki kishikwambi namba moja ni kubwa kama kifungo cha koti.

Nimekishonea mfuko wa jinzi wenye mkanda wa begani. Kinanikalia tumboni kama mtoto. Kikilia barabarani nakitoa kwa mikono miwili, nakiinua, nakibandika sikioni, na kichwa changu chote kinapotea nyuma yake. Muuza magazeti ameniuliza, "Mama, leo unaongea na ukuta?" Nikamjibu, "Ndiyo, na una akili kuliko wewe."

Tatizo lake ni moja, hakina siri. Hakinong'oni, kinatangaza. Jumapili uliponiuliza kama kikohozi kimepona, si fundi saa akajibu toka kwake kule, "Bado kidogo!" Shangazi yako anasema kama kinapiga kelele hivyo, cha nini kukiweka sikioni? Kiweke mezani uongee nacho kama watu. Mimi siwezi. Mtu nikimweka mezani naona kama nimemweka mbali. Halafu kikikaa sikioni kinapata joto, mwanangu. Nafumba macho, naona kama ni shavu lako, lile lenye kishimo.

Ndiyo maana nakuandikia. Ya kusikiwa na mtaa tutaongea kwenye kishikwambi, ya moyoni tuyatie kwenye bahasha. Na la moyoni ni hili: tangu Novemba maneno yako yamepungua. Zamani nilikuwa natafuta pa kuingilia ukiongea, sasa mimi ndiye ninayejaza. Kuna nini?

Nijibu upesi.

Mama yako.


Tarehe 2 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Msalimie shangazi, mwambie magoti ayapumzishe na mdomo pia. Msalimie babu, mwambie sijui kama naongea usingizini, huku hakuna wa kunisikia. Msalimie dada na mapacha na jino lao jipya. Fundi saa mshukuru. Paka mpe pole ya uzazi.

Barua yako ilichukua wiki tatu. Ilikuwa na kurasa sita, mama, na maneno yake yangetosha ukurasa mmoja na nusu. Unaandika kama unamwandikia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nilicheka, halafu nikaibandika ukutani, nikilala naisoma toka kitandani.

Hakuna kitu. Kazi inaendelea. Nimehamishwa tu, nimetoka kaunta ya mbele ambapo nilikuwa napokea nguo za wateja, sasa niko chumba cha nyuma. Nakunja mashuka. Ni pazuri kuliko unavyodhani. Mashuka yananing'inia kwenye kamba toka juu kabisa, mistari kumi na miwili, na madirisha yako juu karibu na paa, kwa hiyo mwanga unashuka ndani ya mvuke polepole kama maziwa ndani ya chai. Unaweza kutembea humo asubuhi nzima usione mtu, unaona miguu tu. Wenzangu nawajua kwa viatu. Tunasalimiana kwa viatu.

Maneno yamepungua kwa sababu ya uchovu. Usiwe na wasiwasi.

Itafute ile hereni yako ya kushoto kabla paka hajaimeza. Na lile pazia la buluu ulilolishusha dirishani usilikate, nalipenda. Sasa ukuta umebaki mweupe sana.

Mwanao.


Tarehe 25 Machi

Kwako Chiriku,

Marahaba mwanangu. Hatujambo wote, leo sitawataja mmoja mmoja, watanisamehe. Pacha wa pili ameota jino.

Hereni nimeipata ndani ya kapu la paka. Lakini nani amekwambia kwamba imepotea? Nani amekwambia nimeshusha pazia? Nilimshika shangazi yako, akaapa kwa magoti yake yote mawili kwamba hajakuandikia. Nikamwuliza dada yako, naye hajui. Nikasema, basi mwanangu anaota, na ndoto zake zinapita humu ndani.

Nikamweleza fundi saa. Akaweka chini kile kioo anachobana kwenye jicho, akacheka mpaka akashika meza. "Mama," akasema, "mwanao anakupigia simu ya picha. Kila Jumapili anatazama sikio lako."

Nilikaa chini. Sikio langu! Miezi miwili! Hata sikulitia mafuta. Nilidhani nakusikiliza, kumbe natazamwa kama duka.

Akanionyesha jinsi ya kukishika mbele ya uso, nami nikiwa upande huu nakuona wewe, wewe upande huo unaniona mimi. Jumapili iliyofuata nikajaribu. Uliposema "haloo mama" nikakivuta mbele upesi. Nikaona weusi mtupu, na sauti yako ndani ya weusi. Fundi saa anasema umeziba kwa kidole.

Kwa nini umeniweka gizani, mwanangu? Umekonda? Umenyoa? Una tumbo? Kama ni tumbo nitashona vya mtoto, sitagomba, vitambaa vipo. Kama umechora mwili, shangazi yako atagomba, mimi nitazoea. Sema tu.

Na barua zangu ni kubwa kwa sababu naandikia karatasi za kukatia vipimo. Karatasi ikiwa kubwa na maneno yanakuwa makubwa. Ndivyo ilivyo.

Nijibu upesi, moyo wangu unashona bila uzi.

Mama.


Tarehe 19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ni kweli. Nilikuwa nakuona.

Mara ya kwanza nilibonyeza picha kwa makosa, nikaona kitu cha kahawia kimejaa kioo chote, nikadhani kimeharibika njiani. Kisha kikasogea, nikaona nywele mbili za mvi na tundu la hereni. Nikajua ni wewe. Nyuma ya sikio chumba chote kimelala upande: cherehani inapanda ukuta, magauni ya watu yananing'inia kuelekea mlangoni badala ya kuelekea chini, shangazi anapita kama anatembea juu ya dirisha. Nilikaa kitandani nikatazama mpaka ukamaliza kuongea. Tangu siku hiyo kila Jumapili naingia humo kwa njia ya sikio lako, nakaa kidogo, natoka.

Sina tumbo. Sijanyoa. Naomba kitu kimoja, mama, na usiniulize sababu. Kiweke sikioni kama zamani. Niache nikutazame hivyo hivyo.

Mwanao.


Tarehe 20 Juni

Mwanangu Chiriku,

Nakusalimu sana. Wenzako wote wanakusalimu, babu yako anauliza kila siku kama sinia limelia. Halijalia. Jumapili tatu sasa. Nikikupigia mimi linaita mpaka linachoka. Ndiyo maana nimechukua karatasi, na leo nitaandika hata nisilotaka kuliandika.

Barua yako ya Aprili niliipata, na nilikutii. Ukapiga, nikakiweka sikioni, hata nikalitia sikio mafuta na hereni ile nzuri. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu shetani gani sijui akanishika. Ulikuwa umenyamaza, na kishikwambi kilikuwa cha moto kuliko siku zote, nikasema nitachungulia mara moja tu. Nikakivuta polepole.

Na wewe ulikuwepo. Hakuna kidole, hakuna weusi. Uso wako ulikuwa karibu mpaka umekatika juu na chini, macho umefumba, kama umelala juu ya kioo. Nikaona nyusi zako. Nikaona pua ya baba yako. Na shavu lile la kishimo lilikuwa na wingu.

Sasa nitakwambia la kwangu. Macho yangu si mazima, Chiriku. Ni mwaka wa pili. Taa zimeota manyoya. Watu wanaokuja kupimwa nguo wananifikia kama wanatoka ndani ya maji. Shangazi yako ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano asubuhi, sindano ishirini, anazipanga kwenye mto nizimalize mpaka jioni, na nilimwapisha asikwambie. Daktari wa macho amesema ni mtoto wa jicho, na kuna siku imepangwa ya kulisafisha. Nimeshaisogeza mara mbili. Naogopa. Nasema, je, wakifunga kitambaa na kikifunguliwa ni giza, na mwanangu sijamwona?

Kwa hiyo nilipoona lile wingu nikajua ni jicho langu limezidi. Nikafuta kioo kwa kiganja, halikutoka. Ulipogeuka kidogo, likageuka na wewe. Wingu la jicho langu huwa linanifuata mimi, hili lilikufuata wewe. Nikanyoosha kidole nikagusa pale. Nilitaka tu kukupapasa, kama nilivyokuwa nakupapasa ukiwa na homa. Nikashuka na shavu lako mpaka kwenye kidevu.

Na hapo hapo ukafumbua macho, ukapotea. Kioo kikawa kina picha ya maua.

Tangu siku hiyo kimya. Sasa nakuuliza mimi mama yako, na nimechoka kukisia. Lile ni jicho langu, au ni uso wako?

Nijibu upesi, hata kwa neno moja.

Mama yako.


Tarehe 13 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa katikati ya mashuka, mstari wa saba, ambapo hakuna anayefika. Nimesimama humo mpaka msimamizi akaja kutafuta viatu vyangu.

Nilidhani umenikatia simu.

Nilifumbua macho, nikakuona unanitazama, uso wako wote, kwa mara ya kwanza tangu niondoke. Nikaona mdomo wako umefunguka. Kisha kioo kikazimika. Nikajua umeona, na umeshindwa. Watu wa kaunta walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wananipa nguo huku wanatazama saa ya ukutani. Ndiyo maana niliomba chumba cha nyuma. Nikasema kama hata mama ameshindwa, basi tena.

Kumbe ulikuwa unanipapasa. Mama, chini ya picha, karibu na kidevu, kuna alama nyekundu. Ndiyo ya kukata simu. Kidole chako kilishuka na shavu langu mpaka kikaigusa.

Nimecheka peke yangu humo ndani kama mwendawazimu, na nimelia.

Sasa swali lako. Ukweli ni kwamba nilikaa na barua yako siku mbili bila kujibu, kwa sababu jibu jepesi lilikuwepo. Ningeandika: ni jicho lako, mama. Ungeamini. Ungeliacha jicho kama lilivyo, nami ningekaa ndani ya hilo wingu lako maisha yote, nikiwa na uso wangu wa zamani.

Ni uso wangu. Novemba bomba la mvuke la mashine ya kupigia pasi lilifunguka nikiwa nimeinama kuchukua nguo za mteja. Hospitali nilikaa wiki tatu, zile wiki nilizokwambia simu imeibiwa. Jicho halikuguswa. Ngozi imepona, ila imepona vibaya, toka sikioni mpaka karibu na mdomo. Inang'aa, imejikunja. Kishimo hakipo. Nakwambia mapema usije ukakitafuta.

Siku ile sikuwa nimeziba kwa sababu ulikuwa unatii. Nilijua kipo sikioni. Na uliniandikia kwamba kioo kikipata joto unaona ni shavu langu. Nikaweka hilo shavu lenyewe. Nilitaka nalo lifike nyumbani.

Nenda kwa daktari, mama. Usiisogeze siku tena. Nenda ukijua utakachokiona.

Mwanao.


Tarehe 3 Agosti

Kwako mwanangu, Chiriku wangu,

Nakusalimu salamu zisizo na mshono. Shangazi yako anakusalimu, ameambiwa, alilia kwanza, kisha akatukana bomba na mama yake bomba mpaka fundi saa akaja kuuliza kuna nini. Babu yako anakusalimu, amesema, "Mwambie arudi apige kelele humu." Dada yako anakusalimu. Mapacha wanakusalimu kwa meno manne. Fundi saa anakusalimu. Paka ameshawagawa wanawe, mmoja tumemwekea jina la Sinia.

Wiki tatu hospitali, na mimi huku nagombana na vifungo. Nina maneno yangu juu ya hiyo simu iliyoibiwa. Nitayasema ukiwa umekaa mbele yangu na huna pa kukimbilia. Leo nayaacha.

Wewe unaijua kazi yangu. Nguo iliyoungua pasi huwa wananiletea wameikunja ndani ndani, wameificha pale palipoungua, wanazungumza habari nyingine kabisa. Mimi naikunjua. Siwezi kufanya kazi na nguo iliyokunjwa. Naipeleka dirishani, na hapo hapo palipoungua ndipo ninapopatazama mpaka napajua. Sijawahi kutazama saa ya ukutani. Humu ndani hata haipo, alishaichukua fundi saa.

Uliniambia nisikitafute kishimo. Sitakitafuta. Nakikumbuka kilipokuwa, nilikitia maziwa nikikunyonyesha, yalikuwa yanatuama humo. Nitapajua.

Sasa sikia vizuri. Daktari ataanza na jicho la kulia, tarehe kumi na tatu Oktoba. Kitambaa kinakaa usiku mmoja. Kinafunguliwa tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Nimemwambia daktari asikiguse mpaka simu ilie. Akasema, "Mama, hapa si posta, kuna wagonjwa wengine." Nikamwambia, "Daktari, nimeziogopa hizi mashine zako miezi minane, wewe huwezi kumngojea mwanangu dakika tano?" Akaniuliza simu yenyewe iko wapi. Nikaufungua ule mfuko wa jinzi nikakitoa. Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akaandika kwenye kadi yangu: angoje simu.

Fundi saa amekitengenezea mguu wa mbao, kitasimama chenyewe juu ya meza ya hospitali. Na ile alama nyekundu ya kukata ameibandikia kipande kinene cha jinzi kwa utepe wa gundi, nimempa mimi kipande chenyewe, nimekikata kwa mkasi wangu kwa kipimo chake. Sasa nipapase nitakavyo, hukatiki.

Siku hiyo sitakiweka sikioni. Na wewe usitie kidole. Uso mzima, karibu kabisa, ujae kioo mpaka ubane, kama gauni la mtu aliyesema hajanenepa. Lile shavu liwe upande wa dirisha lenu, lipate mwanga.

Barua hii itakufikia mwishoni mwa Agosti nikihesabu vizuri. Nijibu upesi mwanangu, usiandike mengi, andika tu kwamba saa nne utapiga, ili nimpelekee daktari akaione kwa macho yake.

Mama yako.